Fahali Aliyenyweshwa Magome

Migori, 9 Februari 1966

Mwanangu Mirumbe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Na wewe huko Homa Bay, chakula unapata?

Fahali wa marehemu baba yako ameniletea aibu. Alipougua minyoo nilimnywesha maji ya magome ya ule mti mchungu wa nyuma ya zizi. Akapona, akang'aa, basi nikaendelea kumpa kila wiki. Sasa anapanda ng'ombe lakini hawashiki mimba. Majirani wameacha kuwaleta. Zamani walikaa nami wakinywa uji mpaka fahali amalize kazi, na yule hakuwa na haraka. Siku hizi hata hodi siisikii. Upweke umenizidi. Wewe unayechunga mifugo ya serikali, uliza wakubwa wako.

Mama yako,
Kezia

Homa Bay, 20 Julai 1966

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yanaendeleaje? Usinikasirikie kwa kukawia, nilitaka kwanza nione kwa macho yangu.

Hapa tuliwanywesha kondoo dume magome ya mti uleule. Walinenepa, wakapanda, lakini majike hawakushika mimba. Daktari wa mifugo alitazama mbegu zao kwa darubini, akakuta chache, tena nyingi zimelala tu. Tulipoacha dawa, baada ya muda zikarudi. Kwa hiyo usimpe fahali hata tone, na tafadhali usimuuze. Atazalisha tena. Nitakuja Krismasi.

Mwanao,
Mirumbe

Migori, 2 Agosti 1966

Mwanangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Mimi nipo.

Dawa niliacha mwenyewe mwezi wa tatu, kwa kukata tamaa. Fahali nilimuuza mwezi wa sita kwa wachinjaji, maana nilichoka kumtazama, na barua yako haikuja.

Jana jirani yetu Gisiri alibisha hodi. Nilifurahi hadi nikamwaga maji ya kuoshea vyombo. Kumbe fahali wetu alimpanda ng'ombe wake kule mtoni mwezi wa tano, na ana mimba! Alikuwa amemleta ng'ombe wa pili apandwe. Nikamwonyesha zizi tupu. Nikamwambia, "Kaa basi, uji umeiva." Akasema, "Siku nyingine, mama, huyu joto litampita." Akamswaga kwenda kwa Matiko, kwenye fahali mwingine.

Uji nilikuwa nimepika wa watu wawili. Krismasi ni mbali, baba. Njoo Sabato hii, hata ukirudi kesho yake.

Mama yako,
Kezia