Simu Haijui Kiswahili cha Nyumbani

Jumatatu, 3 Juni

Hatua elfu mbili na ushei kabla ya saa tatu asubuhi. Simu imenipongeza kwa Kifaransa. Nilikwenda tu bombani, nikarudi, nikakumbuka ndoo ya pili, nikaenda tena. Sasa hata usahaulifu wangu unahesabiwa kuwa mazoezi.

Mama Furaha ameniwekea programu nyingine tatu. Nilimfundisha darasa la nne, leo ana kibanda cha kuchaji simu hapa Kimanga, mtaani kwetu Uvira, na ananifundisha mimi. Zimefika kumi na moja. Ya hali ya hewa inasema mvua. Ni Juni, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Labda inanyesha kule juu Bijombo na simu haijui kwamba kati yetu kuna mlima. Ya kupima usawa imenionyesha kwamba meza yangu imeinamia upande wa ziwa. Miaka ishirini nimekula kwenye meza iliyoinama na hakuna aliyeniambia. Nimeweka kigae chini ya mguu mmoja. Ya kutambua mimea nimeipigia picha lenga-lenga, mchicha wetu wa uani, ikasema magugu. Nimeyala magugu hayo mchana na bugali.

Ninayoipenda ni ya maji ya kunywa. Kila baada ya saa mbili inalia na kuuliza kama nimekunywa. Tangu mke wangu afariki hakuna mtu mwingine anayeuliza. Huwa naijibu kwa sauti.

Alhamisi, 6 Juni

Leo Mapendo ameandika mara mbili. Siku nzuri.

Niandike mwenyewe hapa jinsi tunavyofanya, maana nikizeeka zaidi nitasahau na hili. Mapendo ni mtoto wa Safari, mwanangu wa pekee, aliyepelekwa Australia pamoja na wakimbizi wengine na kufia huko miaka miwili iliyopita. Mtoto alizaliwa huko. Ana miaka kumi na tano, anajua Kiingereza tu. Alikuta namba yangu kwenye simu ya zamani ya baba yake, imeandikwa Papa Mwalimu. Nilimwambia simu ingeweza kumtafsiria Kifaransa changu. Akakataa. Anataka lugha ya baba yake.

Basi nafungua programu ya kutafsiri, nabonyeza kipaza sauti, nasema. Inaandika Kiingereza, naituma. Yeye naye anaandika kwake, inanijia kwa Kiswahili kilichopigwa pasi kama suruali ya harusi. Ujumbe wake wa kwanza ulianza na "Shikamoo babu." Hapa Uvira ukimwambia mtu shikamoo atageuka aone nani amesimama nyuma yake. Nilimwambia kwetu mimi ni koko. Bado ananiita babu, au ni simu inayoniita hivyo. Sijui.

Saa tatu yangu ya asubuhi ni saa kumi na moja yake ya jioni. Ametoka shule, anakula mkate. Leo ameuliza kama ziwa letu lina mawimbi. Nimemjibu kwa dakika nne nzima. Simu imefupisha ikawa mistari mitatu.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna ujumbe. Jumamosi huwa ana mpira.

Nimecheza ludo dhidi ya simu. Imenifunga mara tano. Mara ya sita nikaizima kabla haijamaliza. Sina haya.

Jumapili, 9 Juni

Nilikuta ujumbe nilipotoka misa. Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni, bado sijaingia.

Mama yake ameolewa tena. Hilo nalijua, na simlaumu, ni kijana bado. Ila kuna mama mmoja wa Sange, jirani zetu wa hapa, anayeishi mji huohuo wa Mapendo, amemwambia mtoto kwamba kwa desturi yetu mjane akichukua bwana mwingine, ukoo wa marehemu unafunga mlango. Mapendo ameuliza: "Babu, je, mimi bado ni mtu wa nyumba yenu?"

Nilikasirika. Mtoto wa watu kumtwisha mzigo kama huo. Na desturi yenyewe haiko hivyo, mtoto ni wa baba yake hata mama akiolewa mara saba. Sikukaa, sikufikiri, nilibonyeza kipaza sauti nikasema lililotoka tumboni:

"Mapendo, mutoto wangu, weye hakuna mutu atakutosha mu hii nyumba. Hata minye siwezi kukutosha."

Nikatuma. Kwamba yeye ni wetu na hakuna wa kumtoa, hata mimi mwenye nyumba sina uwezo huo. Kifua kikawa chepesi. Nimekaanga ndagala za ziwani nikala zote.

Jumatatu, 10 Juni

Amesoma. Alama zinaonyesha amesoma jana ileile. Hajajibu.

Labda analia kwa furaha. Watoto wa umri huo hulia.

Jumatano, 12 Juni

Hakuna kitu.

Nimetembea mpaka bandarini Kalundu kuangalia meli, nikarudi kwa miguu. Simu imenipa kikombe cha dhahabu, cha picha. Nilikuwa nimeishika mkononi njia nzima, si kwa ajili ya hatua. Kila ikitetemeka natazama. Ilikuwa ya maji, ya hali ya hewa, na ile ya ludo ikisema imenikosa. Eti imenikosa.

Nimemtumia salamu. Imefika, haijasomwa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwogopa mtoto wa miaka kumi na tano. Nasema ukweli. Nimefundisha madarasa ya watoto themanini na sikuwahi kuogopa. Yeye ndiye damu yangu iliyobaki duniani, mmoja tu, na amenyamaza, na sijui nimekosa nini. Namba ya mama yake sina.

Nimejaribu kumwombea. Maneno hayakuja.

Jumamosi, 15 Juni

Picha yake imeondoka. Palikuwa na uso wake, meno ya Safari kabisa, leo kuna kichwa cha kijivu kisicho na macho. Nilikwenda mbio kwa Mama Furaha. Nilidhani simu imeharibika. Nilitamani iwe imeharibika.

Akaishika, akaitazama, akanirudishia polepole.

"Mwalimu, telefone yako iko muzuri. Ni yeye ametosha photo yake."

Nikafungua mdomo kumsahihisha. Ni mazoea. Sema ameondoa, Mama Furaha, ameondoa. Miaka thelathini nimepigia neno hilo mstari mwekundu: mtoto aandike "nilitosha viatu", mimi nichore, niandike juu yake "nilivua". Darasani nilirudia mpaka sauti ikakauka. Kutosha si kutoa. Kutosha ni kuwa kiasi cha haja, chakula kimetosha, viti vimetosha. Kutosha ya kutoa ni ya nyumbani, iacheni nyumbani.

Kisha nikakumbuka nililomtumia Mapendo Jumapili, nikakaa chini. Mama Furaha akauliza kama naumwa.

Nilimwomba anionyeshe jinsi ya kugeuza, Kiingereza kirudi Kiswahili. Kuna mishale miwili, unaibonyeza, basi. Nikaweka ujumbe wangu wa Jumapili. Ukarudi hivi: "Mapendo mwanangu, hakuna mtu katika nyumba hii atakayekufaa. Hata mimi siwezi kukufaa."

Mtoto ameuliza kama ni wetu, na hilo ndilo jibu alilolipata. Amelibeba siku sita.

"Usimulaumu, Mwalimu," Mama Furaha akasema. "Hii machine haiyue Kiswahili ya kwetu. Inayuaka tu ile ya mu vitabu."

Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa mashine hiyohiyo. Mganga hajigangi. Nimerudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda misa.

Asubuhi yote nimeandika upya. Kwa vidole, si kwa mdomo, kwa Kiswahili cha shule. "Mapendo, nilikosea neno. Kwa lugha ya nyumbani kwetu kutosha ni kuondoa. Nilisema hakuna mtu atakayekuondoa katika nyumba hii. Wewe ni mtoto wetu. Hata mimi siwezi kukuondoa, na sitaki." Nikageuza mishale, nikasoma, nikageuza tena. Mara tatu. Ilipokuja sawa mara tatu nikaituma.

Imefika. Haijasomwa.

Sasa niandike na hili, nimelizunguka tangu jana. Mwaka ule Safari alipofika Australia aliniandikia. Alikuwa mgonjwa wa upweke, sasa najua. Aliandika, "Papa, usinitoshe mu maombi." Nami nikamjibu, "Sema: usiniondoe katika maombi." Hilo tu. Sikuongeza salamu. Nilidhani namkumbusha nyumbani, kwamba atacheka. Tangu siku ile aliandika kwa Kifaransa, maneno mawili matatu. Ça va, Papa. Mpaka alipofariki alikuwa ananiandikia hivyo. Nilimwombea kila siku na hakujua.

Jumanne, 18 Juni

Haijasomwa.

Ile ya maji imelia saa nne, saa sita, saa nane. Nimeifuta. Nimefuta na ya hatua, na ludo, na ya ndege ambayo sikuwahi kuitumia. Nimebakiza ya kutafsiri na ya ujumbe. Nyumba imekuwa kimya kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 20 Juni

Mama Furaha amepita na sombe la majani ya muhogo kwenye bakuli. Hakuuliza kuhusu simu, akauliza kama nimekunywa maji. Nimekula mbele yake ili asinisumbue. Alipoondoka nikatamani angenisumbua kidogo.

Ijumaa, 21 Juni

Amesoma. Amejibu. Saa tatu na dakika kumi.

Ninanakili hapa ili nisiipoteze simu ikifa. "Babu, nilifikiri hunitaki. Nilikasirika, nikaacha kufungua ujumbe wako. Leo nimesoma. Baba alikuwa akiniambia 'tosha viatu' kila nilipoingia nyumbani. Nilifikiri tosha ni neno alilolibuni yeye, la kwetu sisi wawili. Sikujua kwamba kuna mahali ambapo watu wote wanalisema."

Halafu mstari mwingine. "Jumapili nipigie, tusitumie programu. Nifundishe kusema kama baba alivyosema."

Nimelia, tena kwa sauti. Jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini, nikasema vumbi.

Jumamosi, 22 Juni

Nimetayarisha somo kama vile mkaguzi anakuja. Kuvua, kuondoa, kutoa, kutosha: tofauti na mifano. Kurasa mbili, mwandiko wa ubaoni. Jioni nikazisoma zote tangu mwanzo. Nikaona ni barua ileile niliyomwandikia baba yake, safari hii ndefu zaidi.

Nimezichana. Sina somo la kesho.

Jumapili, 23 Juni

Nilimpigia saa tatu. Picha ilikuwa inakwamakwama, sauti ilikuja vizuri. Ana meno ya Safari, ana paji la uso la mke wangu. Hatukuwa na lugha. Nilimwonyesha ziwa kupitia dirishani, na uani, na meza.

Kisha akainua mkono, nisubiri. Akavuta pumzi. Alikuwa amefanya mazoezi peke yake wiki hii, akisikiliza sauti za zamani za baba yake zilizobaki kwenye ile simu, na programu hakuigusa.

"Koko, minye iko mutoto ya Safari."

Makosa manne katika maneno sita. Yote manne ya baba yake.

Alinitazama kwa wasiwasi, akisubiri kusahihishwa. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, vilevile, nami nikasema ndiyo.