Pilau ya Msiba na Shahada Yako ya Vichwa Viwili

Siwema, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Tangu ndege yako ipae kwenda Dar es Salaam, flati hii ya Thornton Heath, London, imepoa kama chai ya hospitali. Nimekaa jikoni, kwenye kile kiti chako chenye mguu unaocheza, nakuandikia. Najua utacheka. Utasema mjomba na kalamu wapi na wapi. Lakini ukumbuke kwamba huyu mjomba aliyeishia darasa la saba ndiye aliyekuwa akiwaandikia vijana wa Tabora nzima barua za uchumba, na ziko ndoa zimesimama mpaka leo kwa nguvu ya mwandiko wangu. Sijawahi kudai shukrani.

Nimetaka iwe barua ya wazi, isomwe na kila mtu kwenye kundi letu la simu, maana wapo watu wanaoisimulia vibaya ile habari ya pilau. Wanaongeza chumvi. Na wewe unanijua, mimi na watu wa kuongeza chumvi hatuivi chungu kimoja.

Unakumbuka siku uliyoingia humu? Mama yako alikuwa amehamishiwa kazi yake ya uuguzi Birmingham, wewe ukabaki kwangu kwa ajili ya chuo. Ulikuja na masanduku mawili, la nguo dogo, la vitabu kubwa, na mimi nikayapandisha ngazi yote mawili kwa mkono mmoja. Nikakuuliza, "Mama, hasa unakwenda kusomea nini?" Ukanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yenu mliozaliwa huku, Kiswahili kinaingia sikioni na Kizungu kinatoka mdomoni. Ukasema uandishi wa habari na sheria, vyote pamoja, kwa mkupuo mmoja.

Nikakwambia, "Mama, kwetu mwandishi na mwanasheria hukutana mahakamani, na mmoja wao hutoka na pingu. Sasa wewe utajifunga mwenyewe?"

Ulicheka mpaka ukakaa juu ya sanduku. Kesho yake gereji nzima ya mabasi ilikuwa inajua. Niliwatangazia madereva wenzangu kwamba mpwa wangu ni mtu wa kwanza Uingereza kusoma mambo hayo mawili kwa pamoja. Mmoja akajifanya kusema eti hata binti wa jirani yake anasoma hivyo hivyo. Nikamwambia huyo wako anasoma kimoja akichoka anashika kingine. Wa kwangu jicho moja liko huku, jicho jingine liko kule.

Na kweli meza hii uliigawa. Upande wa dirishani vitabu vya sheria, vizito kama matofali. Upande wa jiko simu yako ya kurekodia watu na karatasi za habari. Mimi nilikuwa nakuletea chai ya tangawizi katikati, mpakani. Na hapo ndipo nilipoanza kupata taabu. Nilipokusimulia ile theluji iliyosimamisha London yote, mimi peke yangu nikalifikisha basi langu la ghorofa Croydon huku abiria wakiniimbia, hukusema "Hongera, mjomba." Uliuliza, "Nani mwingine aliona?"

"Abiria."

"Majina yao?"

Nikajua kumbe chuo kinafundisha. Halafu yule mbweha wa nyuma ya jengo, anayenisimamia wima kila nikipita na kuniinamishia kichwa. Ulikaa dirishani na kamera. Akapita bila hata kunitazama. Nilikueleza wakati ule na narudia leo: mnyama aliiona kamera.

Sasa tufike kwenye pilau.

Mlipewa kazi ya kuandika habari ya kweli kuhusu vyakula vya Kiafrika vinavyouzwa mtaani kwetu, habari itakayotoka kwenye gazeti la wanafunzi. Ukaniuliza tukinywa chai, "Mjomba, mgahawa wa Mzee Pazi ukoje?" Nikakujibu kama ambavyo mtu yeyote wa Tabora angejibu. "Pazi? Yule Mzaramo? Pilau yake ya Ijumaa ni ya msiba wa Jumatano. Anapita misibani anakusanya makombo, anayapasha moto, anatuuzia." Wewe hukucheka. Uliandika. Nikadhani umeandika kwa sababu ya utamu.

Ukaenda kwa Mama Kalunde, msusi wetu. Akakuapia, mkono kifuani: "Mwanangu, kwa macho yangu haya nimeona masufuria yakitoka msibani yakiingia mgahawani." Ukaenda kwa Mzee Shija, mstaafu, mtu wa sala tano, asiyedanganya hata umri wake. Akakwambia kuna siku aliukuta ubani ndani ya wali. Na kwa kuwa upande wako wa sheria ulikuwa umekufundisha kwamba mtuhumiwa lazima apewe nafasi ya kujibu, ukamwendea Pazi mwenyewe, simu mkononi inarekodi. Pazi akajifuta mikono kwenye aproni akasema, "Nani kakwambia, mjomba wako yule Mnyamwezi? Mwambie ya Jumatano imekwisha. Namngoja afe yeye, nipate ya kuuza mwezi mzima!"

Jumapili ile mchana ulirudi uso unang'aa. "Mjomba, nina mashahidi watatu, na mhusika amekiri." Ukasema habari inatoka Ijumaa, na nakala moja utawapelekea maafisa wa vyakula wa kaunsili, halmashauri yetu ya hapa, kwa sababu hili ni jambo la afya ya watu.

Chai ikanipalia.

Siwema, makosa kama yale angeyafanya mtoto wetu wa London tu, mtoto mwenye akili na asiye na mtani. Hakuna aliyekuwa amekufundisha. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakitembea na mizigo vichwani mpaka pwani. Mtani anakutukana hununi. Anakuzulia jambo huendi polisi. Na ukizuliwa hukanushi, anayekanusha kashindwa. Unatakiwa ujibu kwa kubwa kuliko lile. Sasa tazama ulivyofanya: mimi Mnyamwezi, Mama Kalunde Mnyamwezi, Shija Mnyamwezi. Uliwakusanya mashahidi watatu, wote watani wa mshtakiwa. Na mshtakiwa naye akafanya kama mila inavyotaka, akajizidishia kosa.

Nikakwambia, "Futa, mama. Ni utani tu."

Ukanitazama. "Unamlinda rafiki yako."

"Wallahi simlindi."

"Uliapa hivyo hivyo kuhusu mbweha."

Mimi, ambaye nimewauzia watu theluji na mbweha na kila kitu, siku hiyo nilikuwa na jambo la kweli mkononi na halikupata mnunuzi. Nikaiona Ijumaa inakuja. Nikamwona Pazi anafunga mlango na karatasi ya kaunsili imebandikwa juu yake, mtu aliyetoka Kisarawe na mwiko wake, kwa ajili ya neno langu la kwenye chai.

Basi ukakigeuza kiti, hiki hiki, ukaanza kunihoji. Hukuwa mpwa wangu tena, ulikuwa wakili.

"Ulikiona chakula kikitoka msibani?"

"Niliona masufuria."

"Yalikuwa na kitu ndani?"

"Matupu."

"Matupu yalikuwa yanakwenda kufanya nini mgahawani?"

"Kuoshwa. Ni ya kwake."

"Kama ni ya kwake, yalifikaje msibani?"

Kisha nikasema, "Yalikwenda yamejaa."

Uliweka kalamu chini. Hilo ni jambo ambalo sote tunalijua mtaani na hakuna anayelitamka. Kila msiba wetu huku, wa Mkristo, wa Mwislamu, hata wa wale ndugu zetu Wakongo wa ghorofa ya chini, Pazi anapika kutoka kwenye gunia lake, anapeleka mwenyewe, na ole wako umwambie asante. Atakutukana mpaka ujute.

Nikakukumbusha siku habari ya bibi yako ilipofika kutoka Tabora. Mama yangu. Tuliweka msiba hapa hapa sebuleni, wewe mdogo, kichwa chako hakijapita meza, mimi nimekaa chini nimeegemea ukuta na sisemi na mtu. Mimi, Siwema, nisiseme! Mlango ukafunguka, Pazi akaingia na sufuria begani. Akapiga kelele mbele ya shehe na wazee wote: "Mnyamwezi! Mama yako kanikomoa! Ameona siku nina wateja ndiyo akachagua kufa!" Sebule nzima ikaganda. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yaliyokuwa yamegoma tangu asubuhi yakatoka yote. Nikamjibu, "Weka chini hiyo pilau yako ya msiba wa jana." Wewe ukaomba nyongeza, ukapewa.

Neno hilo la pilau ya msiba lilizaliwa siku hiyo, na mtunzi ni mimi, watu wa kundi la simu waelewe. Lilienea mtaani kwa sababu lilikuwa zuri.

Jumatatu uliingia jikoni kwa Pazi kupitia mlango wa nyuma, nami nimesimama nyuma yako kwa ajili ya ulinzi. Ukamweleza ulichokuwa umekiandika na nani angekisoma. Aliuzima moto chini ya sufuria, akasema taratibu, "Ungenifungia, mwanangu." Ukainamisha kichwa. Halafu akasema, "Lakini jina langu ulikuwa umeliandika vizuri? Mjomba wako huyu hajui kuandika hata la kwake."

Uliiondoa habari. Mhariri wenu alinuna, ukurasa ulikuwa unasubiri. Ulirudi nyumbani ukasukuma zile karatasi za upande wa jiko ukaziangusha chini, ukasema uandishi basi, unabaki na sheria peke yake, sheria haiumizi watu kwa haraka.

Nilikwambia, "Mama, mimi naendesha basi. Breki peke yake haijawahi kumfikisha mtu Croydon."

Uliinama ukaanza kuokota, na mimi nikakusaidia, na ilipofika jioni kile kipande cha meza kilikuwa kimejaa tena. Ukaandika habari nyingine, ya watani wanaoishi London. Pazi yumo, Mama Kalunde yumo, na Pazi alikubali kwa sharti moja tu, usimwandike kuwa ni mtu mwema, atakosa heshima. Mimi nimo kwenye mstari mmoja: "Mjomba wa mwandishi anadai kuwa ndiye mtunzi wa msemo huu. Dai hilo halijathibitishwa." Nimeukata, uko kwenye mlango wa friji. Mgeni yeyote akija namwonyesha. Namwambia, huyo ni mpwa wangu, ananiandika kwenye magazeti.

Na sasa shahada zote mbili umezipata, na uko huko Dar unapitia habari za waandishi wa redio kabla hazijatoka, unawaambia hii itoke, hii bado, na ukiona mwandishi ameonewa unasimama kumtetea. Hivyo ndivyo ulivyonieleza. Mimi gereji nimewaambia wewe ndiye jaji mkuu wa redio zote za Afrika Mashariki. Usinikosoe kwenye kundi, tafadhali. Nakukumbuka, mama. Juzi nilisimulia habari ya mbweha hapa jikoni nikangoja swali, halikuja. Habari isiyoulizwa swali haina ladha. Sikujua hilo kabla yako. Lakini sina huzuni. Namimina chai yangu ya tangawizi kikombe kimoja, nakaa upande wa dirishani, najiona nina bahati.

Kuna jambo moja nimeliacha la mwisho. Asubuhi ya safari yako, teksi inangoja, Pazi alipanda ngazi akihema, ana kifurushi cha foili. Akakunyooshea. "Chukua ule njiani. Ya msiba wa jana."

Wewe, uliyemsemesha Kiingereza miaka yote hiyo, ulikipokea kwa mikono miwili. Ukakinusa. Ukamtazama usoni bila kucheka, ukamuuliza kwa Kiswahili safi cha Tabora:

"Mtani, kafa nani?"

Pazi alikaa pale pale kwenye ngazi. Alicheka huku amejifunika uso kwa aproni, na teksi ilipoondoka bado alikuwa hajaufunua. Tangu siku hiyo kila nikipita mgahawani ananiuliza kama mimi ndiye niliyekufundisha lile neno. Nimemwambia ndiyo, nilikufundisha miezi mizima, tulikuwa tunafanya mazoezi mezani.

Ameniambia atakupigia simu kuhakikisha. Ndiyo matunda ya elimu yako, siku hizi mtaa mzima unahakikisha. Akikuuliza, wewe ni mwandishi na wewe ni mwanasheria, unajua unachotakiwa kusema. Lakini kumbuka na wewe ni Mnyamwezi, na anayeuliza ni Mzaramo.

Kula vizuri, lala mapema, na umsalimie kila anayenifahamu huko, maana ni wengi.

Ni mimi mjomba wako,
shahidi wako wa kwanza.