Nywele Nilizokukataza Kunyoa

Mpendwa mwanangu Minza,

Najua huko Kahama hukuwa unangoja barua ya mwalimu wako wa zamani. Nataka kuisoma barua hii mbele ya kanisa zima, maana nilichokutendea nilikitenda hadharani, na kukuomba radhi pembeni kungekuwa ujanja tu. Ujanja nimeshafanya wa kutosha. Lakini wewe uisome kwanza.

Unakumbuka vipindi vyetu vya Jumamosi pale kanisani Runazi? Mabenchi tunayageuza yatazamane, nyie vijana mnakaa huku mnasukumana, mimi nasimama katikati na Biblia yangu iliyobanduka jalada. Mliniita Mama Majibu, mkidhani sijui! Jina hilo nililipenda, likanivimbisha kichwa. Mkiuliza kama Mungu anasikia Kisukuma sawa na Kihangaza, jibu ninalo. Mkiuliza kwa nini mvua inanyesha hata kwenye shamba la mchawi, jibu ninalo, na mstari juu yake. Wewe ulikuwa huulizi sana, ila swali lako likitoka, wenzako wote wananyamaza.

Babu yako alifariki ukiwa umemaliza kidato cha nne. Mzee yule ndiye aliyekulea tangu mlipohama kutoka Shinyanga. Kanisani hakuwahi kuingia, lakini kila Jumapili alikusindikiza mpaka njia panda, ndipo akageuka na fimbo yake kurudi kwa ng'ombe. Baada ya maziko ulikuja kwangu macho yamekuvimba. Ukaniambia ukoo wote utanyoa siku ya kuanua tanga. Ukauliza, "Mwalimu, nikinyoa kwa ajili ya babu, nitakuwa nimemkana Yesu?"

Sikukukaribisha hata kukaa. Nilikujibu pale pale mlangoni, "Huwezi kukaa pande mbili. Chagua, babu au Yesu." Jamani! Mtoto amefiwa, mimi namtungia mtihani.

Hukunyoa. Nywele zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zimeota baada ya miaka yote ya kunyolewa shuleni, umezisuka kwa mara ya kwanza, basi baba zako wadogo wakasema umependa misuko kuliko mzee. Nilisikia kwamba shangazi yako alikuondoa kwenye jamvi la wafiwa, akasema huyu hana babu. Nami nikafanya nini? Jumapili nikakusimamisha mbele ya kanisa uwe ushuhuda. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wewe ukawa unatazama viatu vyako. Nilikuona, Minza. Nilikuona, na makofi sikuyaacha.

Jumamosi iliyofuata ukauliza mbele ya wenzako, "Babu alikuwa ananiombea kila asubuhi, kwa namna yake. Ina maana Mungu alikuwa hamsikii?" Hapo sikuwa na jibu. Badala ya kukiri hivyo, nikatazama saa, nikasema muda umekwisha, tusimame tufunge kwa sala. Muda ulikuwa bado kabisa. Nilikukimbia nikajificha kwenye sala.

Mwaka uliofuata mama yangu akafariki, kwetu Mabawe. Siku ya kuanua tanga dada yangu mkubwa alikuja na wembe na beseni la maji, nikainamisha kichwa. Sikufungua Biblia, sikumpigia mchungaji simu, wala wewe hukunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa namlilia mama yangu, basi. Nikatazama vichwa vya ndugu zangu vimenyolewa kama changu, nikahisi siko peke yangu. Hicho ndicho nilichokunyima.

Niliporudi Runazi nikajifunga kitambaa. Ukaja na unga na maharage kunipa pole. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba huku nakivuta kitambaa, kikateleza. Ukauliza kwa upole, "Mwalimu, umenyoa?" Na mimi, mtu mzima, mwalimu wa neno la Mungu, nikakujibu, "Ni fangasi, mwanangu. Daktari ndiye kaniambia ninyoe." Ukanitazama kidogo. "Pole na fangasi, mwalimu," ukasema, ukaweka unga mezani, ukaenda zako. Hukuja tena Jumamosi yoyote. Wenzako walipokuulizia, nikawaambia dunia imekuvuta. Hilo nalo nilikusingizia.

Tangu hapo, nikimwona bibi yako, mjane wa mzee, sokoni nilikuwa nabadilisha njia. Wiki iliyopita nilichoka kukimbia. Nikamfuata nyumbani, nikapiga magoti, nikamweleza yote mpaka fangasi. Alinisikiliza huku anachambua maharage, hata kichwa hakuinua. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, mtoto alinyoa."

Maneno hayo ya bibi na yanayofuata sitayasoma kanisani, maana haya ni yako. Bibi alinieleza kwamba Jumapili ile ile ya makofi ulirudi nyumbani, ukakata msuko mmoja nyuma ya sikio, ukalaza mingine juu yake ili pasionekane. Ukaenda kaburini kwa babu yako, ukachimba kwa vidole, ukaufukia. Ukamsihi bibi asimwambie mtu. "Hasa mwalimu."

Hasa mwalimu. Maneno hayo nimekaa nayo wiki nzima, na sijui pa kuuficha uso wangu. Nilidhani nakufundisha kumfuata Yesu, kumbe nilikufundisha kujificha unapomlilia uliyempenda. Ndugu zako wakaamini huna babu, na mimi ukanificha kwamba unaye.

Swali lako kuhusu sala za babu, jibu lake sijui. Nilipaswa kulisema neno hilo siku ile, nikiwa nimekaa chini karibu yako. Naamini tu kwamba Mungu ana huruma kuliko mimi, na kunizidi mimi si kazi kubwa.

Sikuombi urudi kanisani ili mimi nipate usingizi. Ila siku ukija kumsalimia bibi, kama moyo wako utakubali, nipeleke kwenye kaburi la mzee. Ukitaka kulia, lia kwa sauti, watu wasikie. Mimi nitakaa chini karibu yako. Nikianza kuhubiri, nifukuze.

Ubaki salama, mwanangu.

Ni mimi mwalimu wako, niliyekudanganya.