Baba Yangu Sandova

Jumapili, 3 Novemba 2019. Jeddah

Mimi na mdomo wangu!

Leo sisi walimu tulikuwa tunasoma mabango ya maonyesho wakati wa chai. Maisha ya Lodi Sandover, gavana wa Kenya enzi za mkoloni. Mjukuu wake, Bwana Edmund, yuko kwenye bodi ya shule yetu, na ukumbi mpya utapewa jina la babu yake. Mtoto wa kasri. Mbunge kabla ndevu hazijaota vizuri. Akaangushwa kwenye uchaguzi, akapelekwa India, halafu visiwani, halafu kwetu. “Gavana wa mageuzi,” bango linasema.

Ningenyamaza tu. Lakini wapi! Nikawaambia baba yangu ameitwa kwa jina lake. Nikawasimulia tulivyosimuliwa nyumbani: babu Hezekiah alimwona gavana akipita na gari la bendera, akapendezwa, na mtoto alipozaliwa akamwita Sandova. Kwetu Uluhyani si ajabu, jirani yetu anaitwa Disii, kwa cheo cha mkuu wa wilaya. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mkuu wa shule hakucheka. Aliuliza kama baba yu hai.

Jumanne, 5 Novemba

Mkuu ameniita ofisini. Anataka baba aonekane kwenye skrini siku ya kufungua ukumbi, moja kwa moja kutoka nyumbani, aseme maneno machache ya shukrani. Mimi nitafsiri. Halafu, kama amekumbuka tu, akasema ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inaisha Desemba na karatasi ziko mezani kwake. Akatabasamu.

Nimemwambia Ruqayya. Tunakaa naye hapa Al-Safa, Mzanzibari, anafundisha Kiarabu shuleni kwetu. Akaniambia, “Shoga, hapo ushatishwa, hujajijua tu.”

Nikampigia baba. Nilidhani atacheka. Akaniambia nirudie jina la ukumbi. Kisha akauliza kama huyo mjukuu atakuwepo yeye mwenyewe. Ndiyo, baba, mbele kabisa. “Basi nitakuja,” akasema, utafikiri anapanda ndege!

Alhamisi, 7 Novemba. Riyadh

Nimetumwa nilete maneno ya bango la Kenya niliyoambiwa niandike, Bwana Edmund ayapitishe. Ruqayya alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Leseni anayo, lakini usukani bado anaushika kama kuku anayetaka kutoroka.

Ofisi yake iko karibu na Al-Murabba. Anashauri watu wa serikali kuhusu mageuzi. Siku hizi kila mtu hapa ni mageuzi. Na vile nilitaka kumchukia! Alinimiminia kahawa mwenyewe. Akauliza jina la kijiji chetu, akajaribu kulitamka mara tatu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba watu wa mlimani kwetu walifukuzwa na serikali ya Gavana. Akauliza, kwa upole kabisa, kama neno hilo si zito. Labda “walipewa makazi mapya”?

Nikakubali. Hata sikubisha!

Jumamosi, 9 Novemba. Jeddah

Shangazi Jael, dada mkubwa wa baba, amepiga simu, analia kwa hasira. Baba ametangaza kijiji kizima kwamba atazungumza na Wazungu.

Anasema hakukuwa na gari la bendera. Babu alikataa kuhama mlimani, askari wakamchukua. Nyanya alikuwa mjamzito. Chifu akamshauri: mtoto akizaliwa mpe jina la Gavana, wataona nyumba hii si ya wakaidi, watamwachilia mumeo. Akampa. Babu hakuonekana tena. Hadithi ya gari ilitungwa ili mtoto asikue na uchungu, na nyanya akawaapisha wote wasiseme.

“Baba yako hajui,” shangazi akasema. “Na wewe unataka umsimamishe mbele ya watu, atoe asante!”

Nilikaa sakafuni jikoni. Ee Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumatatu, 11 Novemba

Nimempigia baba nimwambie. Yuko kwa fundi, anapunguziwa koti. Anauliza huko mtu huongea akiwa amekaa au amesimama. Nikamwambia akae.

Nikamwendea Mkuu, nikadanganya kwamba baba ana malaria. Tutasogeza siku, akasema, tutamngoja apone. Nikasema anaendelea vizuri. Mwoga mimi!

Jumatano, 13 Novemba

Sijamwambia bado. Kesho ukumbi unafunguliwa; kesho ndiyo kesho. Ninaiogopa ikama, hilo nakubali. Lakini ninachoogopa zaidi ni sura ya baba akijua.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika upesi, nyuma ya jukwaa. Wameenda kuswali Alasiri.

Baba alisalimu vizuri. Akashukuru kwa kualikwa. Nikatafsiri, wakapiga makofi. Kisha akasema, polepole, kila neno peke yake:

“Kijana, mimi nilipewa jina la babu yako ili baba yangu arudishwe. Jina nimelibeba mpaka nimezeeka. Baba sijaletewa. Sidai kitu kingine. Niambie tu walimzika wapi, nikamchukue.”

Anajua! Sijui tangu lini. Kabla sijatafsiri hata neno, adhana ikaanza. Mkuu akasimama: tutaendelea baada ya swala. Bwana Edmund hajui hata neno moja la Kiswahili. Alidhani ni shukrani. Akainuka, akaweka mkono kifuani, akamwinamia baba kwenye skrini. Macho yake yalikuwa na machozi kabisa. Na baba akamwitikia kwa kichwa.

Ruqayya alisikia kila kitu. Akanishika bega: “Mie naenda kuswali. Nikirudi nataka nikusikie.”

Simu haijakatwa. Baba yuko pale pale kwenye kompyuta, amekaa wima, mikono magotini. Shangazi yuko nyuma yake.

Baba ameniuliza, “Ameweka mkono kifuani. Ina maana anapajua?”

Nimemwambia angoje kidogo, wanaswali.

“Nangoja,” anasema.

Viti vinaanza kujaa. Ruqayya amekaa mbele. Bwana Edmund anampungia baba mkono, na baba ameinuka kitini, amesogea karibu na skrini asikie vizuri. Mkuu ananiletea maikrofoni, nimalizie kutafsiri —