Kipande cha Saba

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza jambo jipya: karatasi zetu za chooni sasa zitachapwa hadithi! Maua yamewachosha wateja, anasema. Gundi, fundi wa mashine ya pili, kacheka mpaka akakaa chini. Riwaya nzima chooni! Mgeni akiingia hatoki, na mwenye kuharisha ndiye atakayewahi mwisho. Mimi nikapendekeza sabuni—hadithi inayopungua kila ukinawa. Nikajiambia hii nitamsimulia mke wangu jioni. Kisha nikakumbuka hayupo nyumbani. Miezi minane sasa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepewa mimi niandike, eti kwa kuwa ndimi mchonga rola, lile gurudumu la kuchapia. Rola ikizunguka mara moja inatoa vipande sita, basi sentensi sita. Nimekaa jikoni, kichwa kitupu, kiti chake mbele yangu. Nikaandika yaliyopo.
Mwanamke anafunga sanduku la buluu kwa kamba. Mumewe kanuna, hamsindikizi. (Ndivyo nilivyofanya siku alipohamishiwa kazi hospitali ya mbali. Mjinga mimi.) Basi linaondoka. Mume anapika chakula cha wawili, anakula peke yake. Siku moja mlango unagongwa. Mume anainuka kufungua.
Bosi kasema inagusa.

Ijumaa, 14 Machi
Mzigo wa kwanza umekwenda hospitali—kwake! Maboksi nimebeba mwenyewe mpaka kwenye lori. Wapakiaji wamebaki kunitazama.

Alhamisi, 20 Machi
Kapiga simu. Sauti yake, jamani! Wauguzi wenzake wanasomeana, yeye kalitambua sanduku. Nilidhani atacheka.
"Mbona kila nikigonga mlango, mbele kidogo nafunga sanduku tena?" kaniuliza. "Ndivyo unavyotaka?"
Nikamweleza habari za rola, kwamba ikimaliza sita inaanza upya. Miaka ishirini kazini, na sikuliona hilo! Kisha akauliza kipande cha saba kingesemaje. Nikajibu hakipo. Kakata simu.
Namtaka nyumbani. Hilo tu, na sikulisema.

Jumamosi, 22 Machi
Tangu asubuhi naandika cha saba. "Nisamehe"—nimefuta. "Karibu"—nimefuta, kama kibao cha hoteli. Mlango unagongwa. Atakuwa Gundi, kaja kuazima nyundo. Lakini Gundi hagongi, huita dirishani. Unagongwa tena, taratibu. Nimeinuka, kalamu mkononi. Mpaka hapa hadithi naijua—