Maji ya Moto Siku Arobaini

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kumi na tisa tangu nijifungue. Asubuhi maji ya moto, jioni maji ya moto. Mama mkwe anachovya kitambaa kwenye sufuria ya majani, anakamua, ananikanda tumbo. Nikisogea, ananivuta. Anasema mwili wa mzazi unafungwa kwa moto. Ngozi imeanza kubabuka. Nje ni mji wa Kasongo na pikipiki zake, mimi nausikia tu.

Mume wangu Saidi amerudi Kabambare kununua dhahabu. Mwanaume hana arobaini.

Jumanne, 4 Juni
Wifi Zaina alinionyesha video kwenye simu yake. Mtu anaoga maji ya moto, halafu ya baridi, halafu ya moto. Eti damu inatembea, uchovu unaisha, usingizi unakuja. Nimeitazama mara tatu. Nusu ya dawa hiyo ninayo tayari.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefanya. Mama mkwe alipotoka kumwaga majani, nilijimwagia makopo mawili ya maji ya mtungi. Nilishtuka, nikacheka peke yangu. Wiki tatu sikuwa nimejisikia mtu. Kesho tena.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeanguka. Moto, baridi, kisha giza. Alhamdulillahi, mtoto alikuwa kitandani. Mama mkwe aliniinua, akaona kopo, akajua yote. Hakupiga kelele. "Umefungua mwili. Tunaanza tena. Leo ni siku ya kwanza."

Arobaini nzima, upya. Ninamchukia. Najichukia zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Zaina alimleta muuguzi. Alinitazama ndani ya kope: damu ni kidogo. Akasema maji ya kuunguza yanashusha presha, na baridi ya ghafla inaushtua moyo. Mzazi aliyepungukiwa damu hawezi kubeba yote mawili. Maji vuguvugu, na vidonge. Alitugombeza mimi na mama mkwe. Akasema pia naweza kutoka nje kidogo.

Mama mkwe alisikiliza, mikono kifuani. "Ya maji nimesikia. Siku ni zangu."



Jumatatu, 10 Juni
Mama mkwe alitia kiwiko ndani ya ndoo. "Iko muzuri, ao nipunguze moto?" Tangu nijifungue, hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu mwili huu. Nilisema apunguze. Akaongeza maji ya mtungi, akangoja nijaribu kwa mkono.

Nimeoga. Nimelala hadi adhuhuri.

Siku ya tatu. Bado thelathini na saba.