Shamba la Juu na Matofali Yako

Kate, Nkasi
17 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Loth,

Salamu kutoka nyumbani. Hamjambo wewe na wifi Angela? Kitambi nacho hakijambo? Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama yanamsumbua tangu baridi ianze. Nakuandikia barua kwa sababu simu huwa unaikata nikifika penye ukweli.

Ujumbe wako tuliupata. Umeuliza mara tatu habari za shamba la juu, unakotaka kujenga nyumba ya kustaafia, na mara moja habari za Mama. Basi nianze na shamba.

Oktoba iliyopita ulipokuja likizo, Mama alikuwa na ntumba zake pale, vile vichuguu tunavyoinua Februari, nyasi ndani, udongo juu. Nyasi zilikuwa zimeoza vizuri, zinangoja kuvunjwa tupande ulezi. Wewe ukaona ushamba. Ukaleta trekta, ukasawazisha, nyasi ukazichoma, ukatuachia mahindi ya pakiti. Mama alisimama kando, kanga mdomoni.

Halafu ile mbegu ya ulezi, kwenye kibuyu juu ya jiko, ambayo kwetu hailiwi hata njaa ikiingia ndani. Ulisema haina kazi tena, ipikwe pombe ya kukuaga. Niliipika mimi, mjinga mwenzako. Ulikunywa, ukasifu.

Januari mvua ilikata wiki tano. Mahindi yako yalikauka yakiwa kimo cha goti. Ng'ambo ya mfereji, Sayi, yule Msukuma uliyemcheka kwa kujifunza ntumba kwa Mama, alivuna ulezi akakosa pa kuuweka. Katikati ya jua lile nilichimba ntumba yake kwa kidole, nikakuta unyevu. Tangu Machi Mama yako anamfanyia Sayi kibarua apate unga. Anayeona haya ni Sayi, si wewe.

Mwezi uliopita Sayi alituletea debe la mbegu. Ilitokana na mbegu ya Mama mwenyewe, aliyompa mwaka ule alipohamia. Mama alilia sana. Jumatatu akaenda kwa mtendaji wa kijiji, akaweka dole gumba: shamba la juu sasa ni la Sayi. Shahidi ni mimi, nimetia sahihi. Amesema nikuandikie hivi: "Trekta nimemsamehe. Mbegu, hapana."

Wanangu Fabiani na Klementina wanakusalimu, na wanauliza utakuja lini kula ulezi wa jirani. Mama bado anakutaja kanisani kila Jumapili. Mungu akulinde huko, na akupe mvua hata kama huna pa kuipokelea.

Nilitaka kusahau matofali yako uliyoyachoma. Yapo yote, halijavunjika hata moja. Sayi aliyaomba ajengee ghala la ulezi, na Mama amekubali. Wameshafika kwenye lenta.

Dada yako, akupendaye hata hivyo,
Dominika